Dondoo Muhimu: Kwa Asiyeona Anayeanza Kuandika Programu

Mwanafunzi asiyeona, aliyeazimia kuingia katika ilimu ya kuandika programu za kompyuta, na azingatie haya, kwani aghalabu taabu za mwanzo hutokana na alama ambazo sikio halikuambiwa.

1. Pakua NVDA, kisoma skrini kisicho na malipo kwa Windows, nawe uzihifadhi amri zake za kibodi kabla ya lugha yoyote ya programu.

2. Bonyeza Insert na P pamoja, tena na tena, hata usikie kuwa alama zote zitasomwa. Bano moja lililosahauliwa hubatilisha kazi nzima.

3. Ukichagua Python, ambayo hupambanua mafungu kwa nafasi za mwanzo wa mstari, iamuru NVDA ikutajie nafasi hizo kwa maneno au kwa milio (milio, kwa rai yangu, haichoshi), wala usichanganye Tab na nafasi.

4. Jihadhari na masomo ya kuandika programu kwa kuburura vibao kwa kipanya, kwani hutegemea macho.

5. Kosa likitokea katika Python, anza na mstari wa mwisho wa ujumbe wake.

6. Darasani, vaa kisikizi sikio moja tu. La pili ni haki ya mwalimu.