Kilimo na ulemavu: vifaa vya kukusaidia shambani na mahali pa kupata fedha

Leo tunaacha kidogo habari za chulebuni na viwavijeshi. Somo hili nilipaswa kulitoa zamani, na nitaanza kwa kukiri kosa langu.

Kuna mzee mmoja huku juu alipata ajali ya bodaboda, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya hapo alikuwa hakosi mafunzo. Baada ya ajali sikumwona tena, nikajiambia amestaafu kilimo. Shamba darasa letu lipo bondeni ng'ambo ya mfongo, na kuvuka ni juu ya gogo. Miaka miwili nimepita mbele ya geti lake na pikipiki. Siku niliyoingia, nilikuta kikao cha ukoo. Wadogo zake walikuwa wanashauri ng'ombe auzwe na kihamba kikodishwe, "maana bro hawezi tena." Yeye alikuwa kimya. Nilipomsalimia akaniambia, "Bwana shamba, mimi sijasema siwezi. Nimesema sifiki."

Hilo neno lilinifundisha zaidi ya semina nyingi. Mtu hafiki kwa sababu njia ni mbaya, jembe ni refu au zizi linateleza. Na hayo yote tunaweza kuyatengeneza.

Msidhani habari hii ni ya wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Weka na wazee wetu ambao magoti yamechoka na macho yamefifia. Kila kitongoji wapo.

1. Anza na kazi, usianze na ulemavu

Chukua karatasi. Andika kazi zote za shamba kwa siku: kukata majani, kulisha, kukama, kupalilia, kuchuma kahawa, kubeba maji. Mbele ya kila kazi jiulize: ni hatua gani hasa inayokwama? Kwa yule mzee, kukama hakukuwa shida, mikono yake ni mizima. Shida ilikuwa mita kumi na tano za tope kutoka mlangoni hadi bandani. Tungemletea mashine ya kukamua tungekuwa tumepoteza hela bure.

2. Vifaa unavyoweza kutengeneza hapa hapa

*Njia.* Kwa kiti cha magurudumu au magongo, njia iwe na upana usiopungua sentimita 90. Chimba kidogo, jaza kokoto, weka moramu, shindilia. Weka mfereji upande wa juu ili mvua ya masika isiibebe. Penye kibaraza, kanuni ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kimo cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Ukiufupisha, mtu wa kiti atapinduka kinyumenyume.

*Jembe na panga.* Anayelima amekaa anahitaji mpini mfupi na jembe jepesi. Asiyeweza kuinama anahitaji mpini mrefu. Mwenye mkono mmoja, fundi seremala anaweza kuongeza kishikio cha pili katikati ya mpini, kikakaa kwenye mkono juu ya kiwiko. Vidole vikiwa dhaifu, viringisha mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unene na usiteleze.

*Bustani ya kuinua.* Tumia mabanzi ya mgrivea. Kwa anayekaa kwenye kiti, kitalu kiwe na kimo cha sentimita 70 hadi 75 na nafasi ya magoti chini yake. Upana uwe sentimita 60 kama anafikia upande mmoja, au mita 1.2 kama anafikia pande zote mbili. Kama mabanzi ni ghali, bustani ya gunia inafaa: udongo na samadi, nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, matundu ubavuni ya sukuma na mchicha.

*Kahawa.* Kata kilele mapema ili mti ubaki kimo ambacho mkono unafika. Unapopanda upya, uliza TaCRI Lyamungo kuhusu aina bora zinazohimili chulebuni na kutu ya majani. Hizo zinapunguza safari za kubeba bomba la dawa mgongoni, kazi ambayo inamtesa mtu mwenye mguu mmoja kuliko zote.

*Banda.* Sakafu ya saruji isilainishwe. Ikwaruzwe kwa ufagio kabla haijakauka ili mguu na gongo visiteleze. Hori lielekee njiani, ili kulisha kufanyike bila kuingia ndani. Weka bomba la kushikilia ukutani na kigoda imara cha kukamia.

*Kwa asiyeona.* Funga kamba ya kuongozea kutoka mlangoni hadi bandani na bustanini, kimo cha kiuno. Kwa kupanda mahindi tumia kamba yenye mafundo kila sentimita 30, mstari hadi mstari sentimita 75. Anapapasa fundo, anachimba, anaweka mbegu. Mistari yake hunyooka kuliko ya wengi wanaoona! Chupa ya dawa yoyote ivishwe mpira mnene shingoni na iwekwe mbali kabisa na chupa za jikoni.

*Kwa kiziwi.* Hili ni letu sisi maafisa. Kupiga kelele hakusaidii. Onyesha kwa vitendo, tumia picha, andika ujumbe wa simu. Ukiita mkutano, uliza mapema kama kuna mtu anayejua lugha ya alama, na muweke mbele.

*Kwa mwenye ualbino.* Jua la mlimani linadanganya. Mawingu hayazuii mionzi yote, na kadiri unavyopanda juu mionzi inaongezeka. Fanya kazi za nje kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Mafuta haya yanatengenezwa hapa hapa Moshi, yanaitwa Kilisun. Ndani ya familia badilishaneni kazi: yeye achukue kazi za chini ya migomba, kuanika kahawa juani afanye mwingine. Kidonda kisichopona ndani ya wiki chache kipelekwe kliniki, usingoje.

3. Vifaa vinavyohitaji mtaalamu

Hapa Kilimanjaro tuna bahati ambayo wengi hatuijui. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina karakana ya viungo bandia. Na pale pale kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja Moshi kusomea fani hii, na sisi tulio mlima huu huu tunachonga gongo la mpera na kukaa kimya.

Mambo matatu ya kukumbuka:

Kwanza, *mguu wa bandia si kiatu cha dukani*. Kigutu hupungua unene, hasa mwaka wa kwanza, kwa hiyo lazima urudi kurekebishiwa. Ukianza kucheza au kuumiza, usiuvundike uvunguni. Rudi. Kigutu kioshwe na kikaushwe kila jioni, soksi ziwe safi. Ukiona malengelenge, vua mguu, tumia magongo mpaka kipone. Mwenye kisukari awe makini mara mbili.

Pili, *kiti kilingane na ardhi*. Viti vingi vya msaada ni vya korido za hospitali: magurudumu ya mbele ni madogo, yanazama kwenye tope la kwanza. Huku kwetu tafuta kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja kubwa mbele, mbali na miguu, na tairi za kujaza upepo ambazo fundi baiskeli wa Kwa Sadala anaweza kuziba. Mtu anapotaka kukupa msaada wa kiti, usione haya kumweleza hivyo.

Tatu, *mto wa kukalia ni sehemu ya kiti*. Asiyehisi makalio apate vidonda vya mgandamizo, anaweza kufa. Ajiinue kwa mikono au ajiegemeze upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata kama kazi imenoga.

4. Fedha: asilimia 2 ni ya nani?

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hii ni sheria tangu mwaka 2018. Aprili 2023 Serikali iliisitisha baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo aliyekwambia "ile ilishakufa" ana habari za zamani.

Kwa makundi mengine wanahitajika watu watano na zaidi. Kwa watu wenye ulemavu masharti ya idadi yamelegezwa, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu kitongojini mpo wawili tu. Hatua ni hizi:

1. Nenda ofisi ya kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii ujiandikishe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati hadi ngazi ya kijiji. Uliza ya kwenu ni nani.
2. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaeleza katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na maombi.
3. Andika andiko la mradi. Hapa nitafute mimi. Ni kazi yangu, silipwi na mkulima.
4. Ombi linapitia kata kwenda halmashauri, Bomang'ombe. Baki na nakala, na andika tarehe uliyopeleka.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndo watu wanaumia. Huu ni mfano tu, weka bei zako. Tuseme unakopa shilingi 2,000,000 ununue mtamba mwenye mimba, urudishe kwa miezi 24. Kila mwezi ni kama 83,400. Ng'ombe akitoa lita 8, nyumbani 2, unauza 6 kwa shilingi 1,000: kwa mwezi 180,000. Toa pumba, dawa na mengineyo 80,000. Inabaki 100,000. Unasema safi, deni linalipika!

Ngoja. Ng'ombe hakamwi miezi 12. Miezi 10 ya maziwa inakupa 1,000,000. Miezi 2 ya kukausha huna mauzo na anakula, tuseme 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inabaki 920,000. Deni la mwaka ni 1,000,000. Una pengo la 80,000, na bado hujanunua sare za shule. Ukikopa 1,500,000 badala yake, deni la mwaka ni 750,000 na unabaki na 170,000. Kiasi kinachokosekana, jazia kwa akiba ya kikundi. Pia omba marejesho yaanze baada ya ng'ombe kuzaa.

Jambo jingine ambalo wengi wanasahau: gharama za kukufikisha kwenye kazi ni gharama za mradi. Njia ya moramu, sakafu ya kukwaruzwa, kigoda, weka ndani ya andiko. Bila hivyo mradi utaendeshwa na mtu mwingine kwa jina lako.

Na hilo ndilo onyo langu kubwa. Nimewahi kuona kikundi ambacho mama mmoja asiyeona aliwekwa kuwa mwenyekiti wa karatasi. Hela ilipotoka hakuiona, deni lilipodaiwa ndipo akakumbukwa. Usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu unayemwamini. Na wewe ndugu wa familia, usimtumie mwenzio kama ufunguo wa benki.

Kumbukeni pia huu ni mkopo, si sadaka. Anayerejesha anamfungulia mlango mwenzake wa kijiji cha pili. Kwa ushauri na kusemewa, vyama vipo: CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, TAS kwa wenye ualbino, na SHIVYAWATA kama shirikisho lao.

5. Yule mzee je?

Kikao cha ukoo kiliahirishwa. Jumamosi mbili vijana wa kitongoji, pamoja na wale wadogo zake wawili, walimwaga moramu kutoka mlangoni hadi bandani na kukwarua sakafu mpya. Gharama kubwa ilikuwa saruji. Ng'ombe hakuuzwa, na mwenye kumkama ni yeye. Mguu wa bandia ameshapimwa, amerudi mara moja kurekebishiwa na anasema bado unambana kidogo. Ombi la mkopo analiandaa na dada mmoja jirani mwenye ulemavu wa mkono. Halijapelekwa bado, kwa sababu hesabu ya kwanza ilikuwa na pengo kama lile la juu, nikawarudisha kwenye karatasi. Walininunia, lakini walirudi.

Mafunzo ya mwezi huu hayatakuwa bondeni. Yatakuwa kihambani kwake, mada ni kupunguza matawi ya kahawa, na yeye ndiye atashika mkasi.

Kazi ya nyumbani: Tembea kutoka mlangoni kwako hadi bandani ukiwa umebeba ndoo kwa mkono mmoja na umefumba jicho moja. Kila unapojikwaa, weka kijiti. Jumamosi anza na kijiti cha kwanza. Na kama kuna geti unalipita kila siku bila kuingia, wiki hii ingia.

Maswali niulize ofisini kwa kata au ukinikuta njiani. Nisimamishe tu, pikipiki ina breki.