Dondoo Muhimu: Kuchapa Upya Historia Adimu ya Kikosi

Historia za vikosi kama King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza huko Afrika Mashariki, zilizotoka wakati wa vita mara nyingi zilichapwa kwa karatasi duni, na nakala zilizobaki zinavunjika kingoni. Anza na hakimiliki: nchini Uingereza, chapisho la serikali hulindwa miaka 50 tangu litolewe, la mwandishi binafsi, miaka 70 baada ya kifo chake.

Usikate mshono wa kitabu ili kukiskani. Kifungue nusu tu juu ya mto, upige picha kutoka juu.

Ramani za kukunjwa zichapwe kwa ukubwa wake halisi, hata gharama ikipanda. Bila ramani ya Bonde la Kabaw, safari ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kuelekea mto Chindwin, Burma, mwaka 1944, haifuatiliki.

Matini ya awali usiiguse, makosa yakiwemo. Masahihisho yawekwe kwenye kiambatisho. Ongeza faharasa ya majina, na askari Waafrika waingie wote waliotajwa, si maafisa peke yao. Familia zao bado zinawatafuta.

Nyuma ya ukurasa wa jina, andika wazi kwamba hili ni toleo la marudio na mwaka wake, lisije likauzwa kama la kwanza.