Jasho si mafuta, mdogo wangu

Mpunga ukishaingia ndani, bonde hili lote la Kilombero linahamia kwenye shughuli: sendofu, harusi, kipaimara, kumtoa mwali. Na kila shughuli ina sare yake. Ndiyo maana maswali ya msimu huu yanafanana: dada, nifanyeje nipungue kabla ya tarehe fulani? Wa Kibaoni amebakiza wiki tatu, gauni limegoma kufunga zipu, na shoga yake amemshauri aingie sauna kila siku huku amejizungushia nailoni tumboni. Wa Mang'ula anajifukiza mchaichai na majani ya mkaratusi chini ya blanketi, usiku, dirisha limefungwa. Jamani! Ifakara ya mwezi wa kumi na moja si tayari ni sauna ya bure? Ingekuwa jasho linakondesha, mjini hapa tungekuwa tumebaki mifupa.

Sauna yenyewe sina ugomvi nayo. Ukiingia kwenye joto lile, mishipa ya damu inatanuka, moyo unaenda mbio, jasho linakutiririka. Ukitoka ukapanda mizani utaona umepungua, pengine hata kilo. Yale ni maji. Ukinywa chupa yako ya maji na kula chakula cha jioni, kilo imerudi nyumbani. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwili huyachoma ukikosa nguvu za kutosha kwenye chakula, na sehemu kubwa yake tunaitoa kwa pumzi. Nailoni haichomi kitu. Inachofanya ni kuuzuia mwili usipoe, na hapo ndipo watu wanapoanguka.

Faida nyingine zipo. Mwaka 2015 watafiti wa Finland, nchi ambayo sauna ni sehemu ya nyumba kama kwetu jiko, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko walioingia mara moja. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sauna ndiyo iliyowaokoa, lakini si habari mbaya. Wala starehe ya mvuke si ngeni Afrika Mashariki: Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na baadaye mwanawe Barghash akajenga ile ya Hamamni, Mji Mkongwe. Walikwenda kuoga na kupumzisha mwili. Nawe ukiipata saluni yenye chumba cha mvuke, nenda kwa nia hiyohiyo: dakika kumi, kumi na tano, maji ya kunywa kabla na baada, na usiingie ukiwa umekunywa pombe. Mwenye mimba, mwenye homa, mwenye presha au ugonjwa wa moyo aongee na daktari kwanza. Na sufuria la maji yanayotokota chini ya blanketi, wa Mang'ula, naliogopa kuliko kitambi chako. Likipinduka mapajani utalala wodini.

Sasa tuongee wali, maana huko ndiko kwenye kesi.

Miili ya Kilombero ina kalenda yake. Mvua zikianza, watu wanahamia mashambani, wanalala kwenye vibanda, wanalima, wanapalilia, wanaamia ndege tangu alfajiri. Siku nzima wamesimama. Sahani ya wali anayokula mtu huyo inakwisha mwilini kabla ya jua kuzama. Kisha mpunga unavunwa, jembe linapandishwa darini, watu wanarudi mjini, na sahani inabaki ileile. Mbaya zaidi, wengi wetu siku hizi hatulimi kabisa. Tuko dukani, ofisini, saluni, kwenye kibanda cha wakala wa fedha, tumekaa toka saa mbili hadi jioni, lakini tunapakuliwa kama tumetoka kung'oa visiki.

Itazame sahani ya mamalishe pale stendi. Wali umejazwa kwenye bakuli, ukapinduliwa juu ya sahani ukasimama kilima. Maharage yamemwagwa ubavuni. Pembeni kuna mchicha wa kuzugia, vijiko viwili, na kipande cha nyama kinachoogelea kwenye mchuzi wenye mafuta mekundu juu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori zipatazo 120, karibu sawa na gramu 100 za wali uliopikwa. Kwa hiyo anayepunguza wali halafu akaongeza chapati na viazi vya kukaanga amehama chumba tu, nyumba ni ileile.

Siwaambii muache wali. Anayemwambia mtu wa Ifakara aache wali wa Supa unaonukia hadi kwa jirani huyo hajui anachosema, na ushauri wake hautamaliza wiki. Geuza sahani. Nusu yake iwe mboga: matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda, vitu vinavyoota hadi nyuma ya choo. Robo iwe samaki, maharage, yai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya wali. Ukoko nao ni wali, tusidanganyane. Kama kushuka ghafla kunakushinda, punguza upawa nusu, ukae nao wiki mbili mpaka tumbo lizoee, kisha upunguze tena.

Halafu chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi sukari tunayoongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Kikombe cha asubuhi cha vijiko vitatu, cha jioni vitatu, umeshamaliza, na soda ya mchana hujaihesabu. Najua kiwanda cha sukari kiko hapo Kidatu, lakini hatukupewa kazi ya kukimalizia mzigo.

Ukienda hivyo, utapungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kuna wiki mizani itagoma. Ni sawa. Mwenye kilo 90 akipunguza nne na nusu tu, presha na sukari huanza kupata nafuu. Kwa hiyo wewe wa Kibaoni, gauni mpelekee fundi aliachie mishono. Wiki tatu hazitoshi kufanya unachotaka bila kujiumiza. Na zile chai za kupunguza tumbo ziache dukani. Nyingi zinakuharisha tu, na hayo nayo ni maji.

Mazoezi hayataki jimu. Mji wetu ni tambarare, na miaka yote ulijulikana kwa baiskeli. Mama zetu walibeba gunia nyuma na mtoto mbele. Leo mtu anapanda bodaboda kutoka Viwanja Sitini kwenda sokoni! Dakika 150 za kutembea haraka au kuendesha baiskeli kwa wiki zinatosha kwa kuanzia, nusu saa kwa siku tano. Nenda alfajiri, kukishapambazuka. Jua bado halijachachamaa, na mbu wa malaria, ambao hupenda kuuma usiku, wamepungua.

Kuna wengine wanaoniandikia kwa furaha kwamba wanakonda bila kufanya lolote. Ndugu yangu, hiyo usisherehekee. Kama unakonda huku unakohoa wiki mbili, au unatoka jasho usiku, au una kiu na unakojoa kila mara, nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu, sukari na virusi vya Ukimwi. Vikigunduliwa mapema, hivyo vyote vina tiba au dawa za kuvidhibiti.

Na akina kaka mnaosoma kona hii kwa kujificha nyuma ya wake zenu, nimewaona. Chukueni futi ya fundi, mpime kiuno usawa wa kitovu. Mwanamke akipita sentimita 80, na mwanamume akipita 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeshaanza kupanda. Niandikieni mliyoyakuta, na msivute tumbo ndani mkipima.