Macho Yanapoona Vimulimuli Ghafla: Je, Ni Kipandauso?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia jambo linalowatisha wengi linapowapata kwa mara ya kwanza. Macho huanza ghafla kuona vitu visivyokuwepo, au kutokuona vitu vilivyopo, na baadaye kichwa huuma vibaya. Wapo wanaodhani wanapofuka. Wapo wanaodhani wamerogwa, na wapo wanaomeza dawa ya malaria na kulala. Tutaeleza jambo hili ni nini, na hasa namna ya kulitofautisha na magonjwa mengine yanayofanana nalo, maana baadhi ya magonjwa hayo huua.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 30 hivi anasoma somo la kwanza siku ya Jumapili. Usiku hakulala vizuri kwa sababu ya mtoto, na asubuhi ametoka nyumbani bila kula. Katikati ya somo anaona kidoa karibu na neno analolisoma, kama kiwi cha macho anachopata mtu aliyelitazama jua. Anapepesa macho, kidoa hakitoki. Anaona mwanzo wa neno, mwisho wake haupo. Anajikaza, anamaliza somo kwa kubahatisha, anarudi kuketi. Baada ya dakika kama 10 kidoa kimekuwa upinde unaometameta, wenye kingo kama meno ya msumeno, unaozidi kupanuka kuelekea pembeni. Nyuma ya kingo zile haoni kitu. Nusu saa baadaye mwanga umekwisha na anaona kama kawaida, anamshukuru Mungu. Halafu upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga kama ngoma. Anatapika, hataki jua, hataki hata kuisikia kwaya.

Mama huyo hajarogwa, wala macho yake hayana ugonjwa. Dalili zake ni za kipandauso, na mwanga ule ni dalili ya utangulizi ambayo madaktari huiita aura.

UGONJWA WENYEWE

Kipandauso si kuumwa kichwa tu. Ni ugonjwa wa ubongo unaokuja na kuondoka, na kati ya shambulio moja na jingine mtu huwa mzima. Si ugonjwa wa nadra hata kidogo: duniani humpata mtu 1 kati ya 7 hivi, na wanawake hupatwa mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukimwuliza mgonjwa vizuri, atakumbuka kwamba bibi yake alikuwa akijifungia chumbani na kufunga kichwa kwa kitambaa. Maumivu huwa ya upande mmoja kwa kawaida, ingawa yanaweza kuwa pande zote. Hugonga kwa kufuata mapigo ya moyo, huzidi mtu akitembea, na bila dawa huchukua saa 4 hadi siku 3. Wanaopata dalili za macho ni kama robo ya wagonjwa, au zaidi kidogo. Wengine hupata mwanga bila kichwa kuuma kabisa.

Mwaka 1870 tabibu Mwingereza Hubert Airy, aliyekuwa akisumbuliwa na hali hiyo yeye mwenyewe, alitoa michoro ya vile alivyokuwa akiona. Kingo zake zilikuwa za pembepembe kama kuta za ngome za zamani. Sababu ilianza kueleweka mwaka 1944, pale Aristides Leão wa Brazili alipoeleza wimbi linalotambaa polepole sana juu ya ubongo, milimita chache tu kwa dakika.

Njia rahisi ya kulielewa wimbi hilo ni kufikiria moto wa nyika. Mbele kuna ndimi za moto, nyuma panabaki majivu. Wimbi likipita sehemu ya kisogoni, ambako ubongo hupokea habari za macho, chembe zinazowaka mbele humfanya mtu aone mwanga unaometa, na zile zilizokwisha kuchoka nyuma humwachia pengo asiloona kitu. Baada ya muda chembe hizo hupata nguvu tena na pengo huzibika. Ndiyo sababu kidoa hukua kidogo kidogo, kwa dakika 5 hadi 60, badala ya kutokea chote mara moja.

Ndiyo sababu pia ukifumba jicho moja, kisha ukafumba jingine, mwanga unauona kwa yote mawili. Chanzo kiko kwenye ubongo, hakiko kwenye jicho. Tunawaomba wasomaji wakishike kipimo hiki kidogo: fumba jicho la kulia, tazama, fumba la kushoto, tazama, kisha angalia saa. Mambo hayo mawili, jicho gani na dakika ngapi, yatamsaidia daktari kuliko kumwambia tu kwamba “macho yalifanya maruweruwe”.

Wakati mwingine wimbi huendelea mbele zaidi. Hapo ganzi huanza kwenye vidole, hupanda mkono taratibu, huruka hadi mdomoni na kwenye ulimi, na mtu hukosa maneno kwa muda. Hali hiyo hutisha kuliko mwanga wenyewe.

Hapa tuweke neno dogo juu ya Mtakatifu Hildegard wa Bingen (1098–1179), yule abesi wa Kibenedikti huko Ujerumani ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Waandishi kadhaa wa mambo ya tiba katika karne ya 20 walisoma maelezo yake ya mianga aliyoiona, wakasema huenda alikuwa na kipandauso. Inawezekana. Kwa maoni yetu hilo halimpunguzii kitu, kwa kuwa Kanisa halikumheshimu kwa sababu ya mianga bali kwa maisha na mafundisho yake. Tunamtaja ili msomaji anayeona haya kuisimulia hali yake ajue kwamba yuko katika kundi la watu wema.

MARA YA KWANZA, NENDA UKAPIMWE

Pamoja na hayo yote, mtu asijitangazie mwenyewe kwamba ni kipandauso pale linapomtokea kwa mara ya kwanza. Kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kuhakikisha kwamba mengine hayapo.

La kwanza kuliko yote ni mama mjamzito. Mimba ikishapita wiki 20, na hata katika wiki 6 baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona vimulimuli au ukungu kunaweza kuwa dalili kwamba kifafa cha mimba kinanyemelea. Huenda uso na mikono vikavimba, na maumivu yakashika juu ya tumbo chini ya mbavu, lakini dalili hizo zisipokuwepo msingoje zitokee. Mama huyo asilazwe chumbani chenye giza wala asipewe vidonge vya maumivu aambiwe apumzike. Apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, apimwe presha na mkojo. Hospitalini ipo sindano ya magneziamu salfeti inayozuia na kutuliza degedege za ugonjwa huo, na presha hushushwa kwa dawa. Akina baba, hapa nauli haitafutwi kesho. Akina mama wakubwa mlioko nyumbani, tunawaomba msiseme “ni mimba tu, itapita”. Mama aliyekuwa na kipandauso tangu usichana naye apelekwe, kwa sababu ugonjwa wa zamani haumkingi na huu mpya.

La pili ni kiharusi. Kiharusi hakitambai, hupiga mara moja. Mara nyingi huondoa badala ya kuongeza: upande mmoja wa kuona huwa giza, mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hayatoki au hayaeleweki. Ganzi ya kipandauso hupanda kwa dakika nyingi, ya kiharusi hushika sehemu zote kwa pamoja. Ikiwa huna uhakika, hesabu kuwa ni kiharusi na uende hospitali upesi. Hata dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, nenda.

Kama shida iko katika jicho moja tu, tufikirie jicho lenyewe. Kuona miale, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, na kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja ni dalili kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, unabanduka. Jicho jekundu linalouma sana, likiona duara za rangi kuzunguka taa, na mtu akitapika, huenda ni presha ya jicho iliyopanda ghafla. Yote mawili yanahitaji daktari wa macho bila kuchelewa, la sivyo jicho linaweza kupotea.

Kichwa na homa, shingo kukakamaa au mtu kuchanganyikiwa, hayo ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo vikatae. Kichwa kinachouma ghafla kama radi na kufikia kilele ndani ya dakika moja, hospitali mara moja. Aliyevuka miaka 50 bila kuwahi kuumwa hivi naye asipuuze. Na yule aliyekunywa pombe haramu jana, leo anaona ukungu na anatapika, asiachwe alale “hangova iishe”. Pombe iliyochanganyika na methanoli hupofusha na kuua. Nchini Kenya mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine walipoteza macho.

Katika zahanati utapimwa presha, sukari na malaria, na mganga atajaribu nguvu za mikono na miguu yako na kukuangalia macho. Kipimo cha malaria kisipoonyesha vijidudu, usiombe dawa ya malaria. Si kila mgonjwa anahitaji picha ya kichwa. Mganga akiridhika na maelezo na vipimo, fedha ya picha hiyo inaweza kubaki mfukoni.

KUISHI NA KIPANDAUSO

Mwanga ukianza, acha kazi yenye hatari. Mwenye bodaboda aegeshe, aliye juu ya mti ashuke, anayepika aondoke jikoni. Kunywa maji, lala mahali penye giza na utulivu. Dawa ya maumivu inywewe mapema, kichwa kinapoanza tu, kwa sababu baadaye tumbo hukataa kuipokea. Mtu mzima anaweza kunywa vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, na visizidi 8 katika saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 husaidia wengi zaidi, ila wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo na wajawazito wasiitumie. Watoto chini ya miaka 16 wasipewe aspirini.

Lakini tahadhari! Dawa hizo hizo zikinywewe nusu ya siku za mwezi au zaidi, huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Tunawajua watu wanaotembea na karatasi ya vidonge mkobani kama rozari, na kichwa hakiponi. Anayefikia hapo, au anayeshambuliwa mara nyingi, amwombe daktari dawa ya kuzuia, kama propranolo au amitriptilini. Propranolo haiwafai wenye pumu, kwa hiyo usiazime ya jirani.

Kuna jambo la akina mama pia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa mwanamke mwenye kipandauso cha kuona mianga. Mafundisho ya Kanisa kuhusu vidonge hivyo wasomaji wetu wanayafahamu. Lakini wapo wanaopewa kwa ajili ya hedhi yenye matatizo, na hao wamweleze daktari wazi juu ya mianga hiyo.

Vinavyochochea shambulio hutofautiana kati ya mtu na mtu: kukosa usingizi, hedhi, jua kali, marashi makali, kuacha chai au kahawa ghafla. Njaa ni mojawapo kubwa, na hapo Kwaresima huleta swali kila mwaka. Sheria ya kufunga huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na wagonjwa husamehewa. Anayejua kwamba akikosa mlo Jumatano ya Majivu ataangushwa hadi Ijumaa, azungumze na paroko wake. Sadaka nyingine zipo, na kumwangalia mgonjwa jirani ni mojawapo.

Kwa muda wa miezi miwili au mitatu weka daftari. Andika tarehe, saa mwanga ulipoanza na ulipoisha, ulikuwa upande gani, ulikula nini na saa ngapi, ulilala saa ngapi, siku za hedhi, dawa uliyokunywa na kama ilisaidia. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Daftari hilo liende nawe kliniki, na ukifika usingoje kuulizwa. Litoe.