Mafuta Mazito Yakipoa, Lita Huenda Wapi?

Mwaka huu nimeonelea niwaletee somo la fizikia ndani ya jarida letu, maana wako wanaodhani Kiswahili ni cha mashairi na methali tu. Hebu tuone.

Sisi wa huku Mombasa tunayajua mafuta mazito hata kama hatujawahi kuyashika. Ni yale meusi yanayobaki baada ya mafuta ghafi kutolewa petroli, mafuta taa na dizeli. Meli kubwa huyatumia, mitambo ya umeme ya Kipevu III iliyozinduliwa mwaka 2011 ilijengwa kuyachoma, na viwanda kadhaa vina tangi lake kwa ajili ya boila. Yakiwa baridi ni kama uji uliolala, hayapiti vizuri kwenye paipu. Basi hupashwa moto, pengine nyuzi 50 au zaidi, ndipo yasukumwe kwa pampu. Matata huanzia hapo.

Kitu kikipata joto hupanuka. Mafuta haya yakipanda nyuzi moja ya Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban 0.0007, yaani lita 7 kwa kila lita 10,000. Utasema, lita saba ni kitu gani? Ngoja kidogo. Mafuta yenyewe hayakuongezeka hata tone, yametanuka tu. Kwa hiyo densiti, yaani kilo zilizomo katika kila mita ya ujazo, hushuka.

Ili wauzaji na wanunuzi wasigombane, densiti huandikwa kwa nyuzi 15. (Huku pwani hatuijui baridi hiyo, labda waulizwe watu wa Limuru.) Kosa kubwa ni kuchukua densiti ya nyuzi 15 kutoka kwenye karatasi, ukaizidisha kwa ujazo uliopimwa mafuta yakiwa moto. Tazama mfano huu.

Meli imepokea mita za ujazo 200, kipimajoto kikasoma nyuzi 50. Karatasi inasema densiti ni kilo 980 kwa mita ya ujazo, kwa nyuzi 15. Mwenye haraka atazidisha apate tani 196. Sasa tufanye sawasawa. Tofauti ya joto ni nyuzi 35. Kwenye majedwali yanayotumiwa duniani, namba ya kusahihishia ujazo hapo ni 0.9757. Ukizidisha 200 kwa namba hiyo unapata mita za ujazo 195.14. Kabla ya kuzidisha kwa densiti, ondoa kilo 1.1 katika zile 980, kwa sababu mizani hupima ndani ya hewa, na hewa hubeba sehemu ndogo ya mzigo. Jibu ni tani 191.0. Tani tano nzima hazikuwahi kuwepo, lakini kuna mtu angezilipia!

Huna jedwali? Zidisha 35 kwa 0.0007, upate 0.0245, kisha toa katika moja. Unabaki na 0.9755. Si mbali.

Hesabu hii nilianza kuifuatilia kwa sababu ya mzee jirani yetu, mtunza stoo wa kiwanda fulani. Ijumaa tangi lao lilipokea lita 30,000 zikiwa na nyuzi 60. Jumatatu, boila ikiwa haijawashwa, walipima tena kwa utepe wakakuta zimepungua karibu lita 380. Wakamwambia ameuza, wakaanza kumkata mshahara. Akaja kwetu na daftari lake akaniuliza, "Mwanangu, wewe si wasoma fizikia? Mafuta haya yamekwenda wapi?" Bahati nzuri alikuwa ameandika joto la Jumatatu pembeni kwa penseli: nyuzi 42. Tofauti ni nyuzi 18. Zidisha 30,000 kwa 0.0007 kwa 18, upate lita 378. Jedwali lingeongeza lita chache tu juu ya hapo. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi safi, akaipeleka kazini. Makato yalisimama mwezi uliofuata. Yale ya kwanza bado anayadai.

Kuna jambo jingine lililonipendeza sana. Melini, mafuta hutenganishwa na maji kwa mashine inayozunguka kwa kasi, na mashine hutegemea tofauti ya densiti. Mafuta ya kilo 991 yakiwa na nyuzi 15 yanakaribiana mno na maji, ambayo ni kilo 999. Pengo ni kilo 8 tu. Lakini pasha vyote hadi nyuzi 98: maji hushuka hadi kilo 960, mafuta hushuka hadi karibu 934. Pengo limekuwa kilo 26! Mafuta hupanuka upesi kuliko maji, na mafundi wa meli hutumia tabia hiyohiyo iliyomtia mzee wetu matatani.

Zoezi: tangi lina mita za ujazo 500 zenye nyuzi 45, na densiti ya nyuzi 15 ni kilo 970. Kuna tani ngapi? Tumieni njia ya haraka, na msisahau ile kilo 1.1. Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya Ijumaa, na hesabu ionekane, si jibu tupu.