Kisima chetu kinanuka petroli

*Nimepanga Kiganjo, Thika. Tangu mvua ianze, maji ya kisima cha ploti yananuka mafuta, na jirani yetu ni kituo cha petroli. Mwenye nyumba asema tuyachemshe tu. Je, yatafaa?*
*— Mama wa Wawili*

Mama, usiyanywe wala usiyapikie, hata yakionekana maangavu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini petroli haifi kwa moto. Hugeuka mvuke, nawe ukauvuta papo hapo jikoni. Madini kama risasi ndiyo hubaki sufuriani, tena hukolea maji yakipungua. Dawa ya klorini nayo haisaidii hapa.

Kwa nini mvua? Tangi za kituo hufukiwa ardhini na huweza kuliwa na kutu. Mafuta yakivuja huzama polepole hadi yakute maji, yakaelea juu yake. Maji yakipanda, kisima kifupi huyapokea.

Kwa sasa tumia maji ya mfereji ya THIWASCO, kampuni ya maji ya Thika. (Na fundi wa visima asithubutu kushusha mshumaa kisimani kupima hewa, maana mvuke wa petroli hulipuka!) Ripotini kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mkienda maabara, semeni wazi mnataka mafuta yapimwe, kwani vipimo vya bei nafuu mara nyingi hutafuta vijidudu tu. Sampuli iwe kwenye chupa ya kioo iliyojaa pomoni.

Mtoto akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kutapika, mpeleke hospitali na umweleze daktari habari za kisima.