Kabla ya Kumjibu Mtoto, Someni Nyinyi Wawili



Mwezi huu nataka tujifunze pamoja jambo ambalo wazazi wetu hawakulijua, lakini sisi limekwisha kutuingilia nyumbani. Nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri makosa yake hufundisha nusu tu ya somo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Marekani, katika jimbo la Maryland. Kabla ya Krismasi alitutumia mzigo kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akija likizo. Mlikuwamo viatu, nguo za kwendea kanisani, na vitabu vitano vya picha vya binti yetu wa miaka minane. Jioni moja binti alinijia na kimoja mkononi akaniuliza, "Baba, kwani mwanaume anaweza kuoana na mwanaume?"

Nilimnyang'anya kile kitabu, nikakitupa juu ya kabati, nikamwambia aende akaoge. Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa nimekisoma. Nikamjibu kwamba sina haja ya kukisoma. Basi hapo ubishi ukaanza. Mimi nilisema dada yake anataka kutuharibia mtoto. Yeye akasema kwamba mimi huwafundisha wachumba wa parokia kusikilizana, kumbe nyumbani kwangu sisikilizi. Siku tatu tukawa ni watu wa kusalimiana tu. Na mtoto je? Alikuwa amejifunza jambo moja: yako maswali ambayo Baba haulizwi.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi. Mtoto asiyeweza kumwuliza baba yake atamwuliza mwingine.

Vitabu hivi ni vya namna gani?

Si vipya. Mwaka 1989 mwandishi Mmarekani, Lesléa Newman, alitoa kitabu kiitwacho Heather Has Two Mommies, kisa cha msichana mdogo anayelelewa na wanawake wawili wanaoishi kama wenzi. Alikiandika baada ya mama mmoja wa nyumba ya namna hiyo kumwambia kwamba hana kitabu cha kumsomea binti yake chenye familia kama yao. Mwaka 2005 kikatoka And Tango Makes Three, cha Justin Richardson na Peter Parnell. Hicho kinasimulia habari ya kweli ya pengwini wawili wa kiume katika bustani ya wanyama ya Central Park, New York, waliopewa yai na mtunzaji wao, wakaliatamia na kumlea kinda. Kwa miaka kadhaa kitabu hicho kiliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi.

Vipo pia vinavyohusu mavazi na jinsi mtoto anavyojiona. Jacob's New Dress, cha mwaka 2014, ni kisa cha mvulana anayetaka kuvaa gauni shuleni. Born Ready, cha mwaka 2021, kiliandikwa na mama aitwaye Jodie Patterson juu ya mtoto wake aliyezaliwa msichana, akawaambia wazazi kwamba yeye ni mvulana.

Kile kilichoingia kwangu ni Uncle Bobby's Wedding, cha Sarah Brannen. Kilipotoka mwaka 2008 wahusika wake walikuwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu. Mwaka 2020 kilitolewa upya kikiwa na picha za watu.

Waamuzi tisa na kitabu kimoja

Nilipompigia shemeji simu, aliniambia kwamba alivinunua vyote vitano kwa pamoja, vikiwa vimefungwa, bila kuvifungua. Kisha akacheka akasema, "Shemeji, kitabu hicho unachonigombeza nacho kimefika mpaka Mahakama ya Juu ya huku!" Nilifuatilia habari hiyo, nami nikaona ina mafundisho kwetu sote.

Katika kaunti ya Montgomery, huko huko Maryland, halmashauri ya shule za umma iliingiza vitabu vya namna hii katika masomo ya watoto wadogo mwaka 2022. Mwanzoni wazazi waliarifiwa siku ya kusomwa, na asiyependa aliweza kuomba mtoto wake atolewe darasani. Mnamo Machi 2023 halmashauri ikatangaza kwamba ruhusa hiyo itakoma. Wazazi wakaenda mahakamani: Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wa Kiukraine, wote bega kwa bega. Hawakuomba vitabu vichomwe. Waliomba waarifiwe mapema, na waachiwe nafasi ya kumtoa mtoto.

Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki wazazi, waamuzi 6 kwa 3. Iliamuru kwamba wakati kesi yao ikiendelea, waarifiwe mapema na watoto wao waruhusiwe kutoka. Vitabu havikupigwa marufuku.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Waamuzi wote tisa walikuwa na kitabu kimoja mbele yao, hiki hiki cha mjomba Bobby. Jaji Samuel Alito, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alikiona kuwa kinamfundisha mtoto mtazamo fulani juu ya ndoa, unaopingana na ule anaofundishwa kwao. Jaji Sonia Sotomayor, aliyeandika kwa niaba ya wale watatu, alikiambatisha kizima kwenye maoni yake ili kila mtu akisome. Yeye aliona ni kisa cha mtoto anayeogopa kumpoteza mjomba wake, na kwamba kukutana na mawazo tofauti na ya nyumbani ni sehemu ya kusoma shule ya umma.

Ikiwa waamuzi waliosomea sheria maisha yao yote wamesoma kitabu kimoja wakaona mambo mawili, je, ni ajabu mume na mke wakitofautiana? Si ajabu hata kidogo. Lakini kumbukeni kwamba wale waamuzi walikisoma kwanza. Mimi sikuwa nimekisoma.

Usiku wa nne

Usiku wa nne nilikishusha kitabu nikamwomba mke wangu radhi. Tulikaa mezani watoto wakiwa wamelala, tukakisoma hadi mwisho. Hakikutuchukua hata robo saa. Ni kweli, kuna wanaume wawili wanaofunga ndoa, na hakuna mtu katika kitabu anayeona neno. Hapo mimi nilikuwa na haki ya kusita. Ni kweli vilevile kwamba hamna picha chafu wala neno la matusi, na kwamba moyo wa kisa ni msichana mdogo anayehofu kwamba mjomba wake akioa hatakuwa na wakati naye tena. Hapo mke wangu alikuwa na haki.

Tukajifunza pia kwamba vitabu hivi havipaswi kutupwa kapu moja. Mwaka 1972 Charlotte Zolotow aliandika William's Doll, kisa cha mvulana anayetamani mwanasesere. Watu wanamcheka, lakini bibi yake anamnunulia, ili ajifunze kumbeba mtoto siku atakapokuwa baba. Mzazi Mkatoliki atakataa nini hapo? Papa Fransisko, katika waraka wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 286, alifundisha kwamba baba akishika kazi za nyumbani au malezi hapungukiwi na uanaume wake. Wangapi kati yetu bado tunamkemea mvulana anayembeba mdogo wake? Kwa hiyo tusiseme "vitabu vya kizungu" tukamaliza. Tuvisome kimoja kimoja.

Kanisa linatufundisha nini?

Kwanza, wazazi ndio walimu wa kwanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema hivyo mwaka 1965 katika tamko juu ya elimu ya Kikristo, na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akalitia nguvu katika Familiaris Consortio mwaka 1981. Shule, shangazi wa ng'ambo na simu ya mkononi ni wasaidizi tu.

Pili, Kanisa linashika kwamba ndoa ni agano la mume na mke, lililo wazi kwa uzazi. Mwalimu wa dini hawezi kuficha hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 45, inazungumza juu ya haki ya mtu mzima kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti.

Tatu, Katekisimu hiyo hiyo ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inaagiza kwamba watu wenye mvuto wa jinsia moja wapokewe kwa heshima, huruma na staha, wala wasitendewe ubaguzi usio wa haki. Wengi wetu hushika fundisho la pili kwa mikono miwili, na hili la tatu tukaliacha lianguke.

Nne, Baraza la Kipapa la Familia lilitoa mwaka 1995 mwongozo kwa wazazi juu ya malezi ya kijinsia. Linashauri kwamba maelezo juu ya jambo hili yangoje umri wa ujana, isipokuwa pametokea tatizo zito. Ndiyo sababu mzazi Mkatoliki anaposita kuhusu vitabu vya watoto wa miaka minne au sita, si lazima awe ana chuki. Lakini mtoto akikuuliza uso kwa uso, kumfukuza akaoge si jibu.

Tufanye nini basi?

1. Tulizeni hasira. Mwambie mtoto, "Umeuliza swali zuri. Mimi na Mama tutakujibu." Kisha mjibu kweli, wala isipite wiki.

2. Someni kitabu chote, wawili pamoja. Baba asimwachie mama kwa kuwa "mambo ya watoto ni yake," wala mama asikifiche kwa kuogopa makelele.

3. Semeni kwa sauti moja. Mkitofautiana, malizeni chumbani. Mtoto akiona ufa kati yenu, ataukumbuka kuliko neno lolote la kitabu.

4. Jibuni kilichoulizwa, si zaidi. Sisi tulimwambia binti yetu hivi: "Katika nchi nyingine sheria inaruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuoana, na kuna watoto wanaokulia katika nyumba hizo. Sisi Wakatoliki tunaamini kwamba Mungu aliiweka ndoa kwa mume na mke. Lakini kila mtu ni mtoto wa Mungu, na katika nyumba hii hatumcheki wala hatumtukani mtu."

5. Mwulizeni naye. Mke wangu alimwuliza, "Ni nini kilikufanya usome kitabu hicho mara nyingi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba naye anaoa Aprili. Akioa, atakuwa bado anakuja kunichukua Jumamosi?" Ndugu wasomaji, nilitazama chini. Mtoto alikuwa na maswali mawili, nami kwa hasira nilikuwa karibu kuyakosa yote mawili. Hilo la pili tulimpa mjomba mwenyewe alijibu, naye alikuja Jumamosi iliyofuata.

6. Amueni kitabu kikae wapi. Mwaka 2014 Halmashauri ya Maktaba ya Taifa ya Singapore iliondoa kile cha pengwini ili kiharibiwe. Kelele zikawa kubwa, hata kikarudishwa upande wa vitabu vya watu wazima. Kitu kinachoteketezwa kwa hasira huzidisha hamu. Chetu kiko katika kabati letu, na binti anajua kipo. Akiwa mkubwa kidogo tutakisoma naye.

7. Msivunje undugu. Tulimshukuru shemeji kwa viatu na nguo, tukamwomba siku nyingine atuulize kabla ya kutuma kitabu. Hakukasirika.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu hauna ubaya wote, lakini hautangoja mpaka sisi tumalize kununiana.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

Je, watoto wetu wanaweza kutuuliza swali lolote bila woga? Ni nani kati yetu hukimbilia kukasirika, na ni nani hukimbilia kunyamaza? Ni kitabu au video gani aliyotazama mtoto wetu wiki hii ambayo sisi hatujaiona? Je, watoto wamewahi kutusikia tukimdharau mtu yeyote kwa hali yake?

Tuombe: Ee Bwana, uliyewakabidhi Maria na Yosefu malezi ya Mwanao, utupe masikio ya kuwasikia watoto wetu, ulimi wa kusema kweli bila dharau, na moyo mmoja katika nyumba yetu. Amina.